Tecopa, Agua Caliente au Holtville: kuchagua chemchemi ya maji moto kwa safari ya gari-nyumba katika jangwa la California

Anayepanga kuendesha gari-nyumba kupita jangwa la kusini mwa California ili akaoge katika maji moto yanayotoka ardhini, mara nyingi hubaki na majina matatu mkononi: Tecopa, iliyo karibu na Death Valley, Agua Caliente, iliyo pembezoni mwa hifadhi ya Anza-Borrego, na Holtville, iliyo katika Bonde la Imperial, karibu na mpaka wa Mexico. Picha za sehemu hizo tatu hufanana mno. Utaona mvuke, milima mikavu kwa mbali, na mtu aliyezama hadi shingoni wakati jua linazama. Kwa kutazama picha peke yake hakuna anayeweza kuchagua, na wengi huishia kuchagua ile iliyo karibu zaidi na uwanja wa ndege waliotua.

Nimelala katika sehemu zote tatu, na maoni yangu ni kwamba maji yenyewe yanapaswa kuwa kigezo cha mwisho, wala si cha kwanza. Kwa mtu aliyekuja na gari dogo na atakayelala hotelini, maji ndiyo kila kitu. Kwa mwenye gari-nyumba mambo ni tofauti, kwa sababu anasafiri na kitanda, jiko, friji, choo na matangi ya maji yake mwenyewe, na kila kimoja kati ya hivyo kina mahitaji yake jangwani. Akichagua mahali pasipolingana na gari lake, atakaa katika maji mazuri huku akiwaza breki, betri au tangi la choo lililojaa.

Vigezo vya ulinganisho huu

Nitatumia vigezo vitano, na nitavipanga kwa uzito ninaouona mimi. Cha kwanza ni barabara: miinuko, upepo na aina ya ardhi iliyo pembeni yake. Cha pili ni malazi, yaani umeme, maji safi na mahali pa kumwaga maji machafu. Cha tatu ni msimu. Cha nne ni maji moto na jinsi ya kuyatumia kwa usalama. Cha tano ni desturi za watu mnaooga nao, jambo ambalo baadhi ya wasafiri hulipuuza hadi wanapofika mlangoni.

Kabla ya kuanza, niondoe jina moja ambalo hutajwa sana pamoja na haya. Saline Valley, ambayo tangu mwaka 1994 imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Death Valley, ina chemchemi ambazo wanaozipenda huzisifu kuliko zote. Hata hivyo, njia ya kufika huko ni ya vumbi na mawe kwa makumi ya kilomita, yenye vijituta vinavyolitikisa gari mpaka kabati za jikoni zifunguke zenyewe. Si njia ya gari-nyumba la kawaida, na mikataba mingi ya magari ya kukodi inakataza kabisa barabara zisizo na lami. Anayeitamani aende kwa gari la magurudumu manne na hema. Haimo katika ulinganisho huu.

Barabara

Njia kuu za kufikia sehemu zote tatu zina lami, lakini lami peke yake haimwambii dereva mengi. Gari-nyumba la ukubwa wa kati, lile lenye kitanda juu ya chumba cha dereva, lina uzito wa tani kadhaa na ubavu mpana kama ukuta. Mlima huchosha injini yake, mteremko huchosha breki zake, na upepo wa ubavuni hulisukuma lote kwa pamoja.

Ukienda Tecopa kutoka Los Angeles, utafuata barabara kuu namba 15, upande Mlima wa Cajon ambao kilele chake kinazidi mita 1,200, upite Barstow, kisha uiache barabara kuu katika mji mdogo wa Baker na kuingia barabara namba 127 kuelekea kaskazini. Kutoka Baker hadi Tecopa ni zaidi ya kilomita 80 za njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kwa sehemu kubwa hakuna duka wala kituo cha mafuta. Barabara hiyo ni nyoofu na rahisi kwa dereva mgeni, ila upweke wake unataka maandalizi. Jaza mafuta Baker, na usitegemee kuyapata Tecopa. Kituo kilicho karibu kiko Shoshone, mwendo mfupi kaskazini, na bei ya huko huonyesha umbali wake. Anayetoka Las Vegas ana safari fupi zaidi, kama kilomita 130, lakini sehemu ya mwisho inapita Emigrant Pass, ambapo barabara ni nyembamba na ina kona. Gari refu lipite hapo mchana, taratibu.

Hatari ya Tecopa haiko katika lami bali hatua mbili kutoka kwenye lami. Zamani za kale palikuwa na ziwa hapo, na ardhi bado imefunikwa ukoko mweupe wa chumvi na magadi unaoonekana mgumu kama sakafu ya saruji. Niliwahi kusimama pembeni nipige picha, na kabla ya kupeleka gari huko nikashuka kujaribu kwa mguu. Ukoko ulivunjika kwa sauti ndogo, kama kaki, na kiatu kikazama katika tope la kijivu lililonata hadi kwenye kifundo cha mguu, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa majuma kadhaa. Tairi la gari-nyumba likiingia hapo halitoki bila gari la kuvuta, na gari la kuvuta linatoka mbali. Egesha penye changarawe iliyoshindiliwa na si kwingineko. Kwa sababu hiyohiyo ya ukubwa wa gari, kijinjia cha kuteremkia shamba la tende la China Ranch, ambalo ni moja ya vivutio vizuri vya eneo hilo, ni chembamba chenye kona na mteremko mkali. Mwenye gari refu aliache juu na atafute usafiri mdogo.

Agua Caliente ndiyo yenye barabara ngumu kuliko zote, na ndiyo yenye mandhari nzuri kuliko zote. Mambo hayo mawili hapa yanakwenda pamoja. Kutoka San Diego barabara kuu namba 8 inapanda milima hadi zaidi ya mita 1,200, kisha inaporomoka katika korongo la In-Ko-Pah hadi mji mdogo wa Ocotillo, ulio karibu na usawa wa bahari. Katika mteremko huo dereva ashushe gia kabla gari halijashika kasi, aiache injini ifanye kazi ya kuzuia, na akanyage breki kwa vipindi tu. Anayekanyaga breki mfululizo atasikia harufu ya kuungua kabla hajafika chini. Wakati wa kurudi, ukipanda, utakuta mabango yanayowataka madereva wazime kiyoyozi ili injini isichemke, na maji ya rejeta yaliyowekwa kando ya barabara kwa ajili ya waliokaidi.

Upepo wa eneo hilo ni jambo la kuheshimiwa. Ni huko Ocotillo, nilipokuwa nimesimama kupika chai, nilipolikunjua turubai la kivuli kwa dakika kumi tu na upepo mmoja ukalipindua hadi juu ya paa na kuvunja mkono wake. Kampuni iliyonikodisha haikuwa imenieleza kwamba turubai halihusiki na bima. Tangu hapo huuliza swali hilo kabla ya kuuliza bei.

Kutoka Ocotillo hadi Agua Caliente ni kama kilomita 40 kwa barabara ya S-2, inayopanda Sweeney Pass kwa kona kali. Magari ya ukubwa wa kati hupita bila shida mchana. Zipo pia njia za kutokea kaskazini, lakini ile inayoteremka kutoka Julian kwa Banner Grade ina kona nyingi kiasi kwamba singeishauri kwa gari refu. S-2 yenyewe ni njia yenye historia: mwaka 1847 askari wa Kikosi cha Wamormoni walichonga mwamba wa Box Canyon kwa mashoka ili magari yao ya kukokotwa yapite, na kuanzia mwaka 1858 magari ya posta ya Butterfield yalisimama Vallecito, kilomita chache tu kutoka kwenye chemchemi. Ukipita hapo kwa kiyoyozi na usukani mwepesi, unaelewa kwa nini walisimama.

S-2 pia inakatiza mikondo mikavu ya maji mara kwa mara. Mvua ikinyesha milimani, mikondo hiyo hujaa ghafla hata kama juu yako mbingu ni nyeupe. Ocotillo iliharibiwa vibaya na mafuriko ya dhoruba ya Kathleen mwezi Septemba mwaka 1976, na barabara kuu namba 8 nayo ilikatika. Ukikuta maji yanavuka barabara, zima injini mahali palipoinuka ukasubiri. Mara nyingi hupungua ndani ya saa chache.

Holtville haina mengi ya kueleza. Kutoka Arizona ni tambarare moja kwa moja kwa barabara kuu namba 8. Kutoka San Diego unapanda na kushuka milima ileile ya Agua Caliente, kisha unaendelea mashariki kupita El Centro na mashamba ya mboga yanayonyweshwa kwa maji ya Mto Colorado, safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa jumla. Chemchemi iko mashariki mwa mji wenyewe, karibu kabisa na barabara kuu. Kwa mtu anayeendesha gari-nyumba kwa mara ya kwanza, hasa anayetokea mashariki, hii ndiyo njia yenye hofu chache zaidi.

Malazi, umeme na matangi

Gari-nyumba lina matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyotumika kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Katika magari ya ukubwa wa kati tangi la maji safi huwa kati ya lita 100 na 200. Watu wawili waangalifu huweza kukaa siku tatu au nne. Familia yenye watoto inaweza kulimaliza kwa siku moja na nusu. Kiyoyozi nacho hakiendeshwi na betri ya kawaida ya gari. Kinataka umeme wa kambi au jenereta. Mambo hayo mawili, maji na kiyoyozi, ndiyo yanayotenganisha sehemu hizi tatu kuliko kitu kingine chochote.

Agua Caliente ni bustani ya kaunti ya San Diego, na kwa huduma imepangwa vizuri kuliko nyingine. Baadhi ya nafasi zina umeme, maji na bomba la kutoa maji taka palepale ulipoegesha, nyingine zina umeme na maji tu, na nyingine ni za mahema. Nafasi huwekwa mapema kupitia kaunti, na wikendi za majira ya baridi hujaa. Mtandao wa simu ni dhaifu au haupo, kwa hiyo pakua ramani ukiwa bado mjini na uwape nyumbani tarehe ya kurudi.

Tecopa ina eneo la kambi la kaunti ya Inyo, na ng'ambo ya barabara kuna maeneo ya watu binafsi. Baadhi ya nafasi zina umeme. Ardhi ni changarawe tupu bila miti ya maana, kwa hiyo kivuli ni kile ulichokuja nacho. Hapa ndipo kusawazisha gari kunapokuwa na maana: friji nyingi za gari-nyumba zinazotumia gesi hazifanyi kazi vizuri gari likiwa limeinama. Mimi huweka kikombe cha maji mezani, natazama yanaegemea upande gani, kisha napandisha gurudumu la upande ulioinama juu ya vibao hadi maji yatulie katikati. Kazi ya dakika kumi, na nyama haiharibiki.

Holtville ni jambo jingine kabisa. Bwawa la maji moto na uwanja wa kambi ulio jirani viko chini ya BLM, shirika la serikali kuu linalosimamia ardhi ya umma. Uwanja huo ni mmoja wa maeneo ya ukaaji wa muda mrefu, mpango ulioanza mwaka 1983 kwa ajili ya watu wanaokimbia baridi ya kaskazini. Kwa kibali cha msimu, kinachoanza tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, mtu anaweza kukaa miezi saba na hata kuhamia maeneo mengine ya mpango huo California na Arizona. Kipo pia kibali cha siku 14. Kwa anayekaa muda mrefu, gharama ya usiku mmoja huwa ndogo kuliko kwingine kokote nilikotaja. Badala yake hupewi umeme wala maji, na eneo hili linaruhusu tu magari yanayojitosheleza, yaani yenye choo na matangi yake ya maji machafu. Hakuna anayelala kando ya bwawa lenyewe. Mwenye sola juu ya paa na nidhamu ya maji hufurahi hapo. Mwenye gari la kukodi lenye betri moja iliyochoka atawasha jenereta usiku na kuwachukiza majirani.

Kuhusu kumwaga maji machafu jangwani, nasema wazi: hata maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi ardhini. Mfuniko wa bomba uliolegea unaotoa matone usiku kucha huvuta nzi na wanyama, na huharibu mahali ambapo wengine watalala kesho.

Msimu

Hakuna kati ya sehemu hizi inayofaa katikati ya kiangazi kwa gari-nyumba. Rekodi ya joto ya Death Valley, nyuzi 56.7 za Selsiasi iliyopimwa Furnace Creek tarehe 10 Julai 1913, haikuwa Tecopa, ambayo iko juu zaidi na ina nafuu kidogo, lakini siku za nyuzi 40 na kitu ni za kawaida kote. Kampuni nyingi za kukodisha hukataza magari yao kuingia Death Valley miezi ya joto, na anayekiuka hulipa mwenyewe gharama za kuvutwa. Agua Caliente kwa kawaida hufunga kambi yake kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba.

Kipindi kizuri ni Novemba hadi Machi. Usiku wa Desemba na Januari, Tecopa inaweza kukaribia nyuzi sifuri, na mwenye gari ahakikishe mtungi wa gesi umejaa kwa ajili ya hita. Holtville, iliyo chini kabisa, huwa na usiku wa wastani zaidi, ndiyo sababu wazee wengi huichagua kwa miezi yote ya baridi. Agua Caliente inazipita zote mbili mwishoni mwa Februari na mwezi Machi, miaka ya mvua nzuri, maua ya jangwani yanapochanua. Ni wakati huohuo ambapo barabara hujaa na nafasi hupatikana kwa shida.

Maji yenyewe

Maji ya Tecopa ni ya moto sana na yana madini mengi. Ngozi hutoka laini kama iliyopakwa mafuta. Huoga watu katika mabwawa yaliyo ndani ya majengo, yenye ukuta wa kuzuia upepo, na kwa usiku wa baridi hilo ni jambo kubwa. Naomba msomaji ajue pia gharama iliyolipwa. Katika mikondo ya chemchemi hizi aliishi samaki mdogo aliyepewa jina la Tecopa, na mikondo ilipounganishwa na kupanuliwa ili kujenga mabafu, maji yalikwenda kasi na moto kuliko alivyoweza kustahimili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akawa wa kwanza kuondolewa katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kwa sababu ya kutoweka. Panya wa Amargosa, anayeishi katika vinamasi vya hapohapo, bado yupo na bado analindwa. Tembea katika njia zilizowekwa, na usiingie katika vinamasi.

Agua Caliente hutoa maji yanayopanda kupitia nyufa za mfumo wa ufa wa Elsinore. Yako mabwawa ya nje yenye maji ya uvuguvugu, ambayo watoto huchezea siku nzima, na bwawa la ndani lenye maji ya moto zaidi, kama nyuzi 39, ambalo lina masharti yake kuhusu watoto. Anayetafuta maji makali ya asili kama yanavyotoka mwambani anaweza kuona kwamba hapa pamekuwa kama bwawa la kuogelea. Anayetafuta mahali ambapo bibi, mjukuu na mkwe wote wataingia majini kwa raha, hatapata penginepo.

Holtville ina bwawa dogo la saruji lililo wazi kabisa, pamoja na bafu la kusafisha mwili kabla ya kuingia. Ukikaa ndani yake unasikia malori ya barabara kuu namba 8. Hilo linawaudhi wengine; mimi, saa kumi na moja alfajiri bwawa linapofunguliwa, nilikuwa na wazee watatu wasiosema neno, mvuke ukipanda, na taa za malori zikipita kimya kabla ya sauti kufika, na sikutaka kuwa kwingine. Kwa kuwa ni dogo, adhuhuri ya siku ya mapumziko hujaa.

Popote uendapo, kanuni za maji moto ni zilezile. Kaa dakika kumi hadi kumi na tano, toka, kunywa maji, kisha rudi. Pombe na maji moto havipatani. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo waongee na daktari wao kwanza. Usizamishe kichwa wala usiruhusu maji yaingie puani, kwa kuwa maji ya uvuguvugu ya asili yanaweza kuwa na ameba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye huingia ubongoni kupitia pua. Maambukizi yake ni nadra sana, lakini karibu kila mara huua. Watoto waelezwe hivyo kabla ya kuvua viatu.

Desturi

Katika mabafu ya kaunti huko Tecopa, wanaume na wanawake huoga katika majengo tofauti, na huingia bila nguo yoyote. Si upotovu wala maonyesho. Ni desturi ya usafi ya siku nyingi, na watu huoga kwa sabuni kwanza kisha huingia majini kwa utulivu. Asiyeweza kuoga hivyo anaweza kutafuta bwawa la faragha katika maeneo ya watu binafsi ya jirani. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto wa jinsia nyingine aulizie mapema. Agua Caliente na Holtville huogwa kwa nguo za kuogelea. Holtville vyombo vya kioo havitakiwi bwawani, na wakaaji wa msimu hupafagia na kupalinda kama kwao. Salamu ya heshima ukifika inafungua mengi.

Kuchagua kwa hali yako

Kama unasafiri na watoto au wazazi waliozeeka, na unahitaji umeme, bomba la maji na choo kisichokupa wasiwasi, Agua Caliente inakufaa, ilimradi dereva ana uzoefu wa milima na gari si refu kupita kiasi. Kama dereva ni mgeni kabisa, afanye kwanza siku mbili za mazoezi kwenye tambarare kabla ya Sweeney Pass.

Kama ni wawili au mko peke yenu, mnataka maji makali, nyota na ukimya, na mna mpango wa kuendelea hadi Death Valley, chagueni Tecopa. Inalingana pia na anayetua Las Vegas akiwa na siku nne au tano tu.

Kama gari ni lako, lina sola, na una majuma badala ya siku, Holtville ina maana kubwa kifedha na kijamii. Inamfaa pia anayepita tu kati ya Arizona na San Diego, anayetaka kuoga alfajiri na kuendelea na safari, kwa kuwa kwake haihitaji hata kibali cha kulala. Mwenye gari la kukodi asilale huko zaidi ya usiku mmoja au miwili, na afike matangi yakiwa tayari: la maji safi limejaa, mengine mawili yakiwa matupu.

Kama gari lako ni basi la mita kumi na zaidi, anza kuwaza Holtville au Tecopa kupitia Baker, na uiache Agua Caliente kwa safari ya gari dogo. Kama tarehe zako ni Juni hadi Agosti na haziwezi kubadilika, usichague hata moja kati ya hizi. Chukua gari hilohilo upande milima au uende pwani.

Na kama bado umegawanyika kati ya Agua Caliente na Holtville, ambazo ziko njia moja, jibu linaweza kuwa zote mbili: usiku mbili Agua Caliente huku ukijaza na kumwaga matangi, kisha kushuka S-2 asubuhi kabla upepo haujaamka, na kufika Holtville ukiwa na maji ya kutosha kwa usiku wa tatu.